Chupa Zilizopandwa Mdomo Chini

Nilikwenda Makambako kutafuta chumvi, nikarudi na chupa. Laiti ningerudi na chumvi tu!

Jua lilikuwa linazama. Mimi na wifi yangu Telesia tulikuwa na haraka ya kufika Kichiwa, tukakatisha kwenye shamba la yule Mjerumani aliyechukuliwa na serikali vita vilipoanza. Nyumba tupu, milango imeshang'olewa. Nyuma ya jiko, katikati ya majani, nikaziona. Chupa za divai, za kijani, zimepandwa mdomo chini kuzunguka kipande cha ardhi chenye maua yaliyokauka.

"Wifi, Mungu ametukumbuka!" nikasema.

Maana shida yangu ilikuwa chupa. Wamisionari nao walikuwa wamechukuliwa, na divai ya Meza ya Bwana ikakoma kuja. Mwanangu Noela na wenzake walimaliza mafundisho ya kipaimara, wakabaki kungoja divai mwaka mzima. Mchungaji Efraimu akaniambia mimi, Hulda, mke wa mzee wa kanisa, nitengeneze. Plamu za misheni nilikuwa nimeshazichachusha mtungini kwa asali, kwa kuwa sukari haikupatikana. Divai ningeitia wapi?

Telesia hakugusa hata moja. "Tamaa mbele, mauti nyuma, wifi."

"Mauti gani kwenye bustani ya maua? Shika kapu!"

Wala sikuwa mjinga. Kwetu Ubena kaburi unalijua: juu yake kuna chungu cha marehemu kilichotobolewa kitako. Akirudi kutafuta cha kunywa, akute kimetoboka, ajue hana tena chombo kwa walio hai, alale. Chupa zile nilizikagua moja moja. Zilikuwa nzima, hazina hata ufa. Nikasema basi, ni bustani.

Nikazing'oa zote kumi na mbili. Ya mwisho ilinigomea. Ilipotoka, ardhi ilivuta pumzi...

Fyuuu.

"Umesikia?" Telesia akanong'ona.

"Upepo," nikamjibu. Majani yalikuwa yametulia.

Mimi si mwanamke wa kuosha chombo nusunusu, waulizeni wanaonijua. Majivu, maji ya moto, changarawe ndani, natikisa mpaka mkono unakufa ganzi. Kumi na moja ziling'aa. Ya kumi na mbili kila nikiiinua juani, chini kuna udongo mwekundu kidogo. Naosha, namwaga maji, udongo uleule. Mara ya saba ikatoka safi. "Umenikoma!" nikaiambia, nikacheka peke yangu. Nikazijaza zote, nikaziziba kwa magunzi yaliyofungwa kitambaa, juu nikapaka nta.

Wiki haikuisha, chupa ile ya kumi na mbili ikawa imepungua. Nikamwita Noela.

"Umeonja divai ya Bwana?"

"Hapana, mama. Haki ya Mungu."

Nikamchapa. Mpaka leo roho inaniuma, kwa sababu nta ilikuwa haijaguswa, nami niliona hivyo.

Kesho yake mchana nilikaa jikoni namenya viazi, jicho kwenye chupa. Jua linawaka nje, kuku wanaparua. Mara ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi... Kisha sauti, taratibu, ya koo linalomeza.

Gudu... gudu... gudu.

Divai ikashuka mbele ya macho yangu. Nta iko palepale.

Ningesema siku ile, mchungaji angemwaga zote na kipaimara kingeahirishwa tena. Nikanyamaza. Zaidi ya hapo, kila ilipopungua niliijaza kutoka chupa nyingine, watu wasijue. Jamani, nilikuwa nalisha, na sikujua nalisha nani.

Pentekoste ikafika. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa kanisa, watoto wamepiga magoti mbele, Noela wa mwisho. Mzee mmoja akanisogelea. Nilimfahamu: Lameki, aliyekuwa mpishi wa yule Mjerumani.

"Kamwene, Mama Noela," akanisalimu kwa kunong'ona. "Chupa zile mezani umezitoa wapi?"

"Kwenye bustani ya bwana wako."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Ile si bustani. Ni mke wa bwana. Alishikwa na homa, bwana akakataza apewe maji, eti yatazidisha ugonjwa. Siku tatu analia maji, na mimi nimesimama mlangoni na birika mkononi... Tulipomzika, bwana akasema nipange chupa kuzunguka kaburi. Nikamwomba tuzitoboe. Akanicheka."

Nikatazama mbele. Kikombe kilikuwa kwa mtoto wa pili kutoka mwisho.

Ningepiga kelele. Hatua kumi tu! Lakini kanisa lilikuwa limejaa, na mume wangu Enoki amesimama pale mbele na wazee wenzake. Niliona haya. Mtoto wangu, na mimi nikaona haya!

Noela akanywa. Mchungaji akavuta kikombe, mtoto hakukiachia. Akakivuta tena. Kilipotoka kilikuwa kikavu. Noela akageuka, akanitafuta kwa macho kanisa zima, midomo yake ikasema bila sauti:

Bado.

Jioni ileile mimi na Lameki tulizirudisha chupa kaburini, tukazitoboa vitako kwa msumari, moja moja. Zilikuwa kumi na moja. Ile ya kumi na mbili hatukuiona tena.

Noela sasa ameolewa kijiji cha Yakobi, ana watoto wawili, mzima wa afya. Mkwe wangu analalamika kidogo tu: mtungi wa maji unajazwa jioni, asubuhi hauna kitu. Juzi nilikwenda kuwatembelea. Nilifunga msumari kwenye pindo la kaniki yangu, sikumwambia mtu. Noela alipotoka kwenda bustanini, niliinama kwenye mtungi. Ulikuwa mkavu, na chini kulikuwa na udongo mwekundu kidogo.

Nikafungua pindo.

"Usiutoboe, mama."

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Mikono mitupu, midomo imekauka, anatabasamu kwa upole kabisa.

"Nitanywea wapi?"