Ngozi ya Gideoni na Ukungu wa Juni

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2003, saa mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa umekikalia kijiji cha Kwai tangu Jumanne, na nguo zilizofuliwa siku hiyo zilikuwa bado mbichi kwenye kamba.

Simu ya Elinuru ililia juu ya kabati. Alifuta mikono kwenye kanga, akausoma ujumbe, kisha akailaza simu kifudifudi kama mtu aliyeona nzi ndani ya chai.

“Kasemaje?” shangazi yake Klara aliuliza, akiendelea kumenya viazi.

“Habakuki mbili, mstari wa tatu.”

“Na nini tena?”

“Basi. Nukta.”

“Hakusalimu?”

“Hakusalimu, shangazi. Jana nilimwuliza, ‘Mshenga wako anakuja lini?’ Akajibu, ‘Zab 27:14.’ Juzi nilimwuliza hivyo hivyo, akanipeleka kwa Isaya. Nimezunguka Agano la Kale lote nikitafuta mshenga, simwoni!”

Klara alicheka mpaka kiazi kikamponyoka. “Mfungue basi huyo Habakuki, tumsikie.”

Siku hizo Biblia ya Elinuru ilikuwa inakaa jikoni, karibu na kopo la chumvi, kwa sababu ya ujumbe wa Ulimboka. Aliifungua akasoma, “‘Ijapokawia, ingojee.’”

“Kungoja tena! Huyu angekuwa dereva wa basi, abiria wangezeekea stendi.”

Ulimboka hakuwa dereva. Alikuwa karani katika kiwanda cha chai, mtu wa Rungwe, Mmoraviani aliyeletwa na kazi milimani akajiunga na kwaya ya Kilutheri. Yeye na Elinuru walikuwa wamependana kwa miaka miwili, na usharika mzima ulijua. Jambo ambalo usharika haukulijua, na Elinuru mwenyewe hakulijua, ni kwa nini Ulimboka alikuwa hajaja kuposa.

Mzee Yohane, baba yake Elinuru, aliingia kutoka zizini na ndoo ya maziwa.

“Shikamoo, tate.”

“Marahaba. Elinuru, kesho baada ya ibada mshenga wa Silvano anakuja kuchukua jibu. Nimwambie nini?”

Silvano alikuwa mnunuzi wa mboga kutoka Mombo. Alimwona Elinuru kwenye kituo cha maziwa mara mbili, na mara ya tatu alituma posa.

“Tate, unajua moyo wangu uko kwa Ulimboka.”

“Moyo wako naujua. Ulimboka simjui. Kanisani namwona akiimba besi, namwona akifumba macho. Hapa nyumbani sijamwona. Silvano ni Mkatoliki, tena anatupunja kwenye kabichi, lakini amepiga hodi. Nitamkataaje mtu aliyekuja, kwa ajili ya mtu asiyekuja?”

“Nipe mpaka jioni.”

“Jioni ya leo,” alisema mzee. “Si jioni ya Habakuki.”

Elinuru alipanda gari la kwanza lililopita. Njia nzima aliomba bila kufumba macho. “Bwana, mtu wako huyu amenishinda. Kila nikimwuliza jambo, anakutanguliza wewe. Kama ni wewe kweli unayemzuia, niambie, nikae kimya. Kama si wewe, nipe maneno, maana matusi ninayo tayari.”

Alishuka penye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Ulimboka alikuwa amechutama mbele ya mlango wake. Mbele yake, juu ya majani, ilikuwa imetandazwa ngozi ya kondoo, naye aliigusa kwa kiganja kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

“Ulimboka, unafanya nini?”

Aliruka. “Elinuru! Karibu. Mbona hukusema kwamba unakuja?”

“Ningesema, ungenijibu kwa mstari. Hiyo ngozi ya nini?”

Alisita, kisha akaeleza kwa upole, kama anayefundisha shule ya Jumapili. “Waamuzi sita. Gideoni alimwomba Mungu ishara. Nami nimemwomba hivyo hivyo. Kama ni mapenzi yake nitume mshenga kwenu, asubuhi nikute ngozi kavu na majani yamelowa.”

“Umeanza lini?”

“Tangu Pasaka.”

“Masika yote?”

“Masika yote.”

“Na imekuwaje?”

“Imelowa,” Ulimboka alisema kwa huzuni. “Kila siku naikuta imelowa.”

Elinuru aliinua ncha moja ya ngozi. Maji yalimtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

“Ulimboka, huku kwetu, msimu huu, ni kitu gani kinalala nje kikaamka kikavu? Chumvi iliyo ndani ya kopo inalowa! Gideoni alikuwa kwao, uwanjani, penye jua la kupuria ngano. Wewe uko hapa, ndani ya wingu!”

“Kwa Mungu yote yanawezekana.”

“Yanawezekana. Lakini umemtaka Mungu ajibu kwa ngozi swali ambalo baba yangu angelijibu kwa mdomo. Hebu niambie: kabla ya ngozi, Gideoni aliambiwa nini?”

Ulimboka aliijua sura hiyo kwa moyo. Alijibu taratibu. “Aliambiwa, ‘Enenda kwa uwezo wako huu.’”

“Kwa hiyo alikuwa ameshaambiwa. Sasa ngozi ilikuwa ya nini?”

“Alikuwa anaogopa.”

“Na wewe?”

Ulimboka aliketi kizingitini. Kwa mara ya kwanza mwaka huo aliongea bila kutaja sura wala mstari.

“Mimi ni mtu wa kuja, Elinuru. Huku sina hata tuta la viazi. Kiwanda kimeuzwa, na mwenye mali mpya anapunguza watu. Baba yako atauliza, ‘Ana nini?’ Ngozi ikilowa, aliyenikatalia ni Mungu, na hilo ni fumbo. Mtu anaweza kuishi nalo. Kukataliwa na mzee Yohane ni aibu. Nitakutana nayo kila Jumapili mlangoni pa kanisa.”

“Kwa hiyo ulikuwa unaomba ilowe.”

“Sivyo nilivyoomba.”

“Ulipoikuta imelowa, ulijisikiaje?”

Alitazama chini. “Asubuhi nyingine nilishusha pumzi.”

Hilo lilimchoma Elinuru kuliko mistari yote. Miezi yote hiyo alikuwa amemtetea kwa baba yake, kwa shangazi, kwa kituo kizima cha maziwa.

“Nilidhani unamngoja Mungu,” alisema. “Kumbe umejificha nyuma yake. Haya, nami nina mstari wangu. Mhubiri kumi na moja, wa nne: ‘Mwenye kuuangalia upepo hatapanda, naye ayatazamaye mawingu hatavuna.’ Baba anataka jibu jioni ya leo, maana kesho anamjibu Silvano. Ukija, njoo na neno moja. Usipokuja, nakuomba usinitumie mstari wa kunifariji.”

Aliondoka bila kuaga. Alilia mpaka gari lilipofika, akaacha, kwa kuwa kondakta alikuwa mwanafunzi mwenzake wa kipaimara.

Saa kumi na nusu ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Ndani yake ilitoka sauti ya besi.

“Hodi!”

Mzee Yohane alifungua. Ulimboka alikuwa amesimama peke yake, amevaa koti la Jumapili, matope mpaka magotini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mshenga wako yuko wapi?”

“Sina, mzee. Nimekuja mwenyewe.”

“Kijana, kwetu mtu hajiposei. Rudi kwa utaratibu.”

“Nikirudi, mzee, sijui kama nitapata tena ujasiri wa kuja.”

Elinuru, nyuma ya pazia, alifumba macho. Klara alimpita akienda mlangoni, mikono imejaa unga.

“Mshenga ni mimi.”

“Klara! Wewe ni dada yangu. Utaposaje kwa niaba yake?”

“Leo nimehamia Rungwe. Hodi hapa! Kijana wangu ameona mche mzuri shambani kwako.”

“Mche gani?”

“Unaujua, kaka. Usitucheleweshe, tumeshachelewa vya kutosha.”

Masharubu ya mzee yalitikisika, lakini alijizuia. Alimgeukia Ulimboka. “Unamtaka binti yangu?”

Ulimboka alivuta pumzi. “Imeandikwa…”

Nyuma ya pazia mtu alikohoa kikohozi kikavu. Ulimboka aliumeza mstari.

“Ndiyo, mzee.”

“Una nini?”

“Nina kazi mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo sijui. Shamba sina. Namtaka, na kazi yoyote nitafanya.”

Mzee Yohane aliyatazama matope ya magotini, akaufungua mlango zaidi.

“Silvano aliniambia ana magari mawili. Nimeliona moja. Wewe umesema huna, na naona kweli huna. Ingia ndani. Posa sipokei kwa kinywa cha dada yangu. Leta mshenga wa kweli, nami nitamsikiliza vizuri.”

Elinuru alitoka. Hakutabasamu.

“‘Imeandikwa’ ilitoka wapi?”

“Mazoea.”

“Uyaache.”

“Yote?”

“Mistari baki nayo, ni chakula. Ila mtu akikuuliza, mjibu kwanza. Na bado nina hasira.”

“Ndiyo,” alisema Ulimboka.

“Ndiyo nini?”

“Ndiyo, unayo haki.”

Jumapili, mzee Yohane alimrudishia mshenga wa Silvano posa yake, pamoja na mfuko wa viazi na samahani. Silvano alioa Korogwe kabla ya Krismasi. Klara alidai kanga ya mshenga, akanyimwa, akaendelea kudai. Ulimboka alimtuma mzee wa kanisa siku ya Jumatano, akapunguzwa kazi Julai, akakodi shamba akapanda karoti. Elinuru alikasirika mpaka mwisho wa Julai, akamsamehe Agosti, akaolewa naye Septemba.