Mtu wa Kuarifiwa

Karani alipompa mjane pasipoti yake mpya pale dirishani, alimwambia jambo dogo tu, tena kwa tabasamu.

"Mumeo mstaarabu sana, mama. Jana tulimpigia kuhakiki. Akasema, mpeni, huyo ni mke wangu."

Mjane alishika ukingo wa dirisha. Mumewe alikuwa kaburini. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka edani mwezi mmoja tu uliopita.

Kosa lilikuwa lake. Siku ya kujaza fomu, alipofika penye mtu wa kuarifiwa ikitokea dharura, mkono wake uliandika jina la mumewe na namba yake ya simu, kama ulivyozoea kuandika kwa miaka thelathini na moja, hospitalini, shuleni kwa mtoto, kila palipoulizwa. Pembeni palikuwa na kisanduku: yu hai. Akakitia alama. Kisha akatia sahihi chini, penye maneno ya kumwapia Mungu kuwa yote aliyoandika ni kweli. Alikuja kukumbuka akiwa njiani kurudi nyumbani, akaona aibu, akanyamaza. Kusahihisha kungemrudisha mwanzo, na bintiye wa pekee, aliyeko ng'ambo bila ndugu hata mmoja, alikuwa apasuliwe Jumatatu ili ajifungue. Ndege ilikuwa Jumamosi.

Basi akapokea pasipoti, akasema ahsante, akaondoka.

Nyumbani alimweleza mdogo wake. Wakafungua mtoto wa meza. Simu ya marehemu ilikuwa palepale, imefungwa kwenye leso, imezimika, na laini yake walikuwa wameitoa wenyewe siku nyingi.

"Labda huko alikokwenda wamejenga mnara," mdogo mtu akasema, akacheka.

Mjane hakucheka. Mdogo mtu naye akaacha.

"Dada, wamekosea namba tu. Wewe funga sanduku lako."

Akafunga. Lakini harufu ya kafuri ilikuwa ndani ya nguo, ile waliyompaka marehemu, na alipozifua na kuzianika juani ikabaki. Chooni ndoo iligongwa wakati wao wote wawili wako jikoni. Akawa haketi. Anafagia palipokwisha kufagiwa, anafungua pasipoti, anaifunga, anaifungua tena. Picha aliyopiga mbele ya ukuta mweupe sasa ilikuwa na kivuli nyuma ya bega lake la kushoto. Kesho yake asubuhi kile kivuli kilikuwa na sikio.

Jumatano mchana, jua likiwa kali na mdogo wake ametoka, alikuwa akikunja nguo ndogo za mjukuu atakayezaliwa, akasikia ndara zikiburuzwa kutoka chumbani, mguu wa kulia ukiwa mzito kuliko wa kushoto kama wa mumewe tangu aanguke ngazini, zikaja taratibu hadi nyuma ya pazia, zikasimama, na pazia likavutwa ndani kidogo, likaachiwa, likavutwa tena, kama mtu anayepumua akiwa ameliweka mdomoni, na sauti aliyoililia miezi mitano ikauliza kwa upole:

"Mke wangu, kwenye ndege mimi nitakaa dirishani au wewe?"

Alitoka nje bila viatu.

Mtaani kulikuwa na mwanamke aitwaye Mama Pasi, mpiga pasi, aliyejua pia kuwasomea watu wenye majini. Hakuacha kazi yake ili kumsikiliza. Alipiga pasi mashati mawili mpaka maneno yakaisha.

"Nisomee, Mama Pasi. Nimemsikia mume wangu."

"Mumeo yuko kwa Mola wake, hana haja ya ndege. Huyo ni mwingine."

"Basi mtoe."

"Nikimtoa mlangoni ataingia dirishani, maana ana karatasi. Wewe umeapa kuwa mtu huyu yu hai. Jini kakuta jina halina mwenyewe, kalivaa." Aliinua shati tupu kwa mabega. "Rudi ukaape upya palepale ulipoapa."

"Watanichukulia pasipoti."

"Watachukua."

"Na mwanangu?"

Mama Pasi aliweka pasi chini kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, ukisafiri hivyo mtapanda wawili. Na huko mnakokwenda kuna kichanga."

Alhamisi asubuhi alikuwa kwenye benchi la ofisi ya pasipoti. Watu walijaa, lakini nafasi iliyo kando yake haikukaliwa na mtu. Kila aliyeikaribia alikunja pua akapita. Alipoitwa dirishani alisikia ndara zikiinuka pamoja naye.

"Mama, kuna tatizo?" karani akauliza.

Akafungua mdomo, na hapo kafuri ikamjaa kooni, na sauti ikamjia sikioni, karibu kiasi kwamba ushungi wake ulitikisika, ikamwita kwa lile jina la mapenzi ambalo hakuna mwingine duniani aliyelijua, ikasema usiseme, ukisema nitakufa mara ya pili na safari hii utakuwa umeniua wewe, nani atakuita hivi tena, nani atakujibu usiku ukikohoa, nyamaza tu, Jumamosi si mbali, nami nina hamu ya kumpakata mtoto.

Mjane alifumba macho. Tangu msiba watu walimsemea. Wao ndio waliotangaza kifo, wao ndio waliopokea pole. Yeye hakuwahi kukitamka.

"Niliapa uongo," alisema. "Mume wangu amefariki. Naapa kwa Mungu, amefariki. Nimemwona akioshwa."

Kitu kizito kiliinuka begani mwake. Mlango wa ofisi ulijibamiza, na watu wa foleni wakageuka kutazama korido tupu.

Karani aliivuta pasipoti kwake. Akachukua mkasi, akakata pembe ya pasipoti. Akamwambia taratibu kwamba maombi mapya ni wiki tatu. Halafu, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akapiga ile namba. Mjane alijikuta ameegemea dirishani, anasikiliza.

"Haipo, mama," karani akasema. "Pole sana."

Nje, kwenye ngazi, alimpigia bintiye.

"Sitafika Jumatatu, mwanangu. Nimeharibu mwenyewe. Nisamehe."

Upande wa pili kilio kilianza kidogo kidogo. "Nitafanyaje, Mama? Sina mtu huku. Nani atakaa na mimi?"

"Sikiliza. Hapo chumbani sasa hivi, uko na nani?"

"Si nakwambia sina mtu?"

"Tazama vizuri. Nyuma ya pazia. Mlangoni."

"Mama, unanitisha."

"Tazama!"

Akasikia pazia likivutwa. Akasikia hatua za mwanawe, hizo tu, nzito kwa mimba, zikienda na kurudi.

"Hakuna mtu. Niko peke yangu."

"Alhamdulillahi," mjane akasema, akaketi ngazini, na machozi yakamtoka. "Alhamdulillahi, mwanangu."

Bintiye hakuelewa, akakata simu kwa hasira.