Mpangaji wa Chini ya Mabati

Gari la mgeni lilisimama langoni saa mbili asubuhi. Nerida Haddrick alikuwa anatoka kwenye banda la kuku, na mayai tisa ndani ya kofia yake. Hakumtarajia mtu. Jirani wa karibu alikuwa kilomita kumi na mbili kutoka hapo, na watu wa huko hupiga simu kwanza kabla ya kuja.

Aliyeshuka alikuwa dada mwembamba, amevaa suruali nene na buti ndefu. Mkononi alishika antena kama zile za juu ya paa. Shingoni alining'iniza redio ndogo iliyolia: ti, ti, ti.

"Habari za asubuhi, mama. Samahani kwa kukuvamia. Naitwa Tamsin Vidler. Namtafuta nyoka wangu."

"Niite Nerida. Hilo 'mama' litanizeesha," Nerida alisema. Kisha akashtuka. "Umesema nani wako?"

"Nyoka wangu. Tunachunguza maisha ya nyoka wa kahawia. Huyu tulimwekea kifaa cha redio mwilini, tukamwachia. Nadhani yuko hapa kwako."

Alwyn, mume wa Nerida, alitokea barazani na kikombe cha chai. Alikuwa amevaa kaptura, kama kawaida yake, kiangazi na masika.

"Dada, umepotea njia," alisema. "Nyoka akija hapa, mke wangu humkata kwa koleo. Ameshaua kumi na mmoja. Hakuna anayeondoka na miguu yake."

"Nyoka hana miguu, Alwyn," Nerida alisema.

"Ndiyo maana haondoki!"

Tamsin alicheka, lakini aliendelea kutembea, antena mbele. Walimfuata. Sauti ya redio iliongezeka. Walipofika nyuma ya ghala, ililia bila kupumua.

Pale palikuwa na rundo la mabati ya zamani. Baba yake Alwyn ndiye aliyeanza kuyaweka. Kila mkulima wa wilaya ile alikuwa na rundo kama hilo. Ukimwambia aliondoe, atakujibu: "Yaache, yatakuja kufaa."

Tamsin alisimama hatua sita kutoka kwenye rundo.

"Yuko hapo chini. Jike, mita moja na nusu. Amekaa hapo wiki tisa."

Nerida alitazama pipa la chakula cha kuku. Lilikuwa karibu kabisa na mabati. Kila siku alikuja hapo mara mbili, na ndala miguuni. Wiki tisa! Vinyweleo vilimsimama. Lakini ndani ya woga ule kulikuwa na swali, nalo halikukubali kunyamaza.

"Mbona hajaniuma?"

"Hujamgusa. Hana haja na wewe. Akisikia mtikisiko wa miguu yako, hutulia au hujiondokea. Wengi wanaoumwa ni wale wanaojaribu kumuua au kumshika."

"Kwa koleo, kwa mfano," Alwyn alisema, akimtazama mkewe.

"Kunywa chai yako," Nerida alimjibu. Akamgeukia Tamsin. "Sasa hapa kafuata nini?"

"Hebu tazama chini."

Nerida alitazama. Punje za shayiri zilikuwa zimemwagika kila mahali, kutoka mlango wa ghala hadi kwenye pipa. Kati yake kulikuwa na vinyesi vidogo vyeusi.

"Panya," alisema.

"Panya wanafuata punje. Nyoka anafuata panya. Na mabati yanampa nyumba. Chakula mlangoni, paa juu, na kodi halipi."

"Basi huyo ni mpangaji," Alwyn alisema. Toka siku hiyo jina hilo likamshika nyoka yule.

Walikaa barazani. Nerida aliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Nyoka anakwenda mbali kiasi gani? Anaona vizuri? Anakuja ndani ya nyumba? Tamsin alijibu moja baada ya jingine. Akawaambia wafagie punje, na pipa la chakula liwe na kifuniko kizito. Nyasi za karibu na nyumba zikatwe fupi. Wavae buti na suruali ndefu. Usiku watembee na tochi. Wasipeleke mkono mahali ambapo jicho halijafika.

"Na mabati yaondoke," alisema. "Si leo. Nipigieni kwanza, nije nimshike yeye."

"Tukimaliza kuvuna," Alwyn alisema haraka. "Siku hizi sina hata muda wa kukohoa."

Nerida alikisukuma kikombe chake kando. Kisha akauliza swali alilolibeba miaka arobaini na minne.

"Baba yangu aliumwa kwenye zizi la kondoo. Niliambiwa hakuumia sana. Alinawa mguu, akatembea kilomita tatu hadi nyumbani. Alifia mlangoni. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Alikosea nini?"

Tamsin aliweka kikombe chini.

"Hakuna aliyemfundisha, Nerida. Wakati ule wengi hawakujua. Jino la nyoka wa kahawia ni dogo. Pengine hakuna maumivu, ni kama umekwaruzwa na waya. Sumu husafiri polepole chini ya ngozi. Ukitembea, misuli ndiyo inayoisukuma."

"Kwa hiyo angekaa pale pale?"

"Angekaa pale pale."

Tamsin alikwenda kwenye gari, akarudi na bendeji tatu pana za kuvutika. Akamfunga Alwyn mguu, kuwaonyesha. Alianza pale ambapo jino lingeingia. Kisha akashuka vidoleni na kupanda hadi kwenye paja, akikaza kama mtu anayefunga kifundo kilichoteguka. Akaweka ubao kando ya mguu na kuufunga pamoja nao, usikunjike. Kwa kalamu akaandika alama juu ya bendeji, mahali pa jeraha, na saa.

"Usioshe, kwa sababu hospitali huweza kupima sumu iliyobaki kwenye ngozi. Usikate. Usinyonye. Usifunge kamba. Piga namba ya dharura. Na usimfukuze nyoka, msije mkawa wagonjwa wawili."

Nerida alimfungua Alwyn, akamfunga tena mwenyewe mara mbili, mpaka Alwyn akasema amegeuka soseji. Bendeji Tamsin aliwaachia.

"Niahidi kitu kimoja kidogo," Tamsin alimwambia Nerida langoni. "Mtu akiumwa hapa, hata akisema hajambo, utamlaza. Hutamwacha peke yake, na hutalegeza bendeji mpaka daktari aseme. Hata akiwa na kazi. Hata akikutukana."

"Hicho ndicho kidogo? Naahidi."

Siku zilizofuata Nerida alifagia punje, akakata nyasi, akatupa zile ndala. Koleo lilibaki kwa kazi ya bustani. Asubuhi alisimama mbali akiwa na buti zake, akalitazama rundo. Siku moja alimwona Mpangaji akiota jua, rangi ya majani makavu, kichwa chembamba, ametulia. "Habari yako," Nerida alisema, akajicheka mwenyewe.

Alwyn hakubadilika. Buti alivaa, lakini kaptura hakuiacha.

Kisha ikaja siku ya mwisho ya mavuno. Lilibaki shamba moja, lile bora kuliko yote, shayiri safi ya kiwanda cha bia. Redio ilitangaza mvua ya radi jioni. Shayiri iliyokomaa ikilowa, huota ingali kwenye suke, na kiwanda hakiitaki tena. Saa saba mchana mashine ya kuvunia ilipata tundu ubavuni, punje zikaanza kumwagika. Alwyn alikuja mbio kutafuta cha kuziba.

Alilikumbuka rundo. Lilikuwa limengoja siku kama hiyo miaka thelathini. Yatakuja kufaa! Akainama, akanyanyua bati moja.

Nerida alimwona kutoka dirisha la jikoni. Alimwona akiruka nyuma. Alitoka akikimbia.

"Si kitu," Alwyn alisema. Alikuwa ameshasogea hadi kwenye kivuli cha ghala. "Nimekwaruzwa na bati."

"Nionyeshe."

Chini ya goti palikuwa na alama mbili ndogo, kama za sindano, na tone moja la damu.

"Umemwona?"

"Nimeona mkia ukiingia ndani. Lakini siumwi, Neri! Nipe kitambaa nifute, nirudi kwenye mashine."

"Lala chini."

"Shamba moja tu! Ndani ya saa tatu nimemaliza!"

"Alwyn, lala chini."

Hakuwa amewahi kuisikia sauti hiyo. Akalala. Nerida alileta bendeji na simu kutoka jikoni, akaweka simu kwenye spika, akafunga huku akizungumza. Alimvua buti polepole. Kwenye jeraha kwanza. Vidoleni, kupanda, kaza. Mpini wa ufagio kando ya mguu. Kalamu, alama, saa saba na nusu. Sauti ya simu ilimwambia ndege ya madaktari itatua kwenye uwanja wao mdogo wa ndege, wa changarawe, baada ya muda wa saa moja na robo.

"Saa moja na robo!" Alwyn alisema. "Tazama kule."

Magharibi mawingu yalikuwa yamepanda, meusi chini, meupe juu.

"Nimeyaona."

"Basi nenda wewe. Unaijua mashine kuliko mimi. Ziba tundu kwa gunia, vuna. Mimi nitalala hapa kama mtoto."

Hilo ndilo lililomchoma Nerida. Shamba lilikuwa mita mia tatu tu. Angeweza kuokoa nusu yake. Mwaka uliopita ukame uliwanyima kila kitu, na safari hii mvua za mwanzo zilikuja kwa wakati. Aliinuka, akapiga magoti tena.

"Sitoki hapa."

"Basi legeza kidogo. Mguu unakufa ganzi."

Nerida alimbonyeza ncha za vidole zilizobaki nje ya bendeji, akaona rangi inarudi. "Haujafa. Silegezi."

"Una kichwa kigumu kama cha mbuzi wa mama yako!"

"Endelea kutukana. Lakini tukana bila kutikisika."

Alwyn alicheka. Dakika zilikwenda. Upepo wa mvua ulianza kuvuma, shayiri ikalala na kuinuka. Baada ya muda Alwyn alisema, kwa sauti ndogo, "Neri, kichwa kinaniuma. Na fizi zina ladha ya damu."

Hakudai tena kurudi shambani. Nerida alimshika mkono, akamwambia apumue taratibu. Naye moyo wake ulikuwa unakimbia kwa niaba ya wote wawili.

Ndege ilitua. Daktari, mwanamke mwenye mvi, alipiga magoti kando ya mguu.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi."

"Imelegezwa tangu ifungwe?"

"Hata mara moja."

"Ametembea?"

"Hatua chache, kabla sijafika. Baada ya hapo hakutembea."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Walimbeba Alwyn kwenye machela. Ndege ilipopaa, matone ya kwanza yalianguka, makubwa na ya moto, kisha mvua yenyewe ikashuka. Nerida alisimama katikati ya uwanja akiitazama shayiri mpaka hakuiona tena.

Siku ya tatu barabara ilikauka, akaenda hospitali. Daktari aliwaeleza wote wawili. Alwyn alipofika, damu yake ilikuwa imeshaanza kukosa nguvu ya kuganda. Walimpa dawa ya kuzuia sumu. Bendeji iliifanya sumu ichelewe njiani.

"Je, angeendesha mashine kwa saa tatu?" Nerida aliuliza.

"Nisingekuwa nazungumza na watu wawili," daktari alisema.

Walipobaki peke yao, Alwyn aliuliza habari za nyumbani.

"Asubuhi hii Tamsin alikuja kumshika Mpangaji, akakuta ameshahama mwenyewe," Nerida alisema. "Redio inaonyesha yuko kule kijitoni, nusu kilomita. Tukayabeba mabati yote, yamekwenda kwa mnunua vyuma chakavu. Nimekununulia suruali ndefu mbili."

"Rangi gani?"

"Mbaya."

Alwyn alitabasamu, kisha akatazama dirishani. Nerida alijua swali linalokuja, na hakulikwepa.

"Shayiri imeota kwenye suke. Yote. Kiwanda hakitaichukua."

Alwyn aliutafuta mkono wa mkewe juu ya shuka.

"Basi," alisema, "ng'ombe watakula vizuri mwaka huu."