Kibandiko Chekundu kwenye Kadi ya Mama

Waliokuwapo katika chumba cha ushonaji asubuhi ile ni hawa: Baba, aliyekuwa akikata vitambaa vya sare; Mama, mjamzito wa miezi minane, aliyekaa nyuma ya cherehani; Shangazi, dada yake Baba, mwenye pasi; na binti yao wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Kifungo, kwa kuwa kopo la vifungo lilikuwa chini ya ulinzi wake.

Chumba hicho kilikuwa na sheria moja. Nguo yenye kasoro ilitiwa uzi mwekundu, ikatupwa kikapuni, wala haikupewa mteja.

Mama alikuwa amerudi kutoka kliniki. Kadi yake ilikuwa mezani, na pembeni mwake palikuwa na kibandiko chekundu.

"Wifi, nawe umetiwa uzi mwekundu?" Shangazi aliuliza.

"Wiki iliyopita walinipima kwa kijiti cha pamba. Wameona bakteria. Uchungu ukianza niwahi hospitali, niwaonyeshe kadi, wanipe dawa."

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi popote."

"Mgonjwa haumwi, na dawa haitolewi leo! Mimi sidanganyiki. Hapo pana ugonjwa wa aibu, wanauficha."

"Utaunguza suruali ya mwalimu mkuu," Baba alisema. "Hiyo ndiyo itakayokuwa aibu."

Shangazi aliinua pasi upesi, lakini maneno yake yalikuwa yamekwisha kumwingia Kifungo. Kila mteja aliyeitupia jicho ile kadi, Kifungo alimshuku kuwa anamcheka Mama. Mama yangu si nguo ya kikapuni, alijiambia. Mchana, chumba kilipokuwa kitupu, alikibandua kibandiko kwa ncha ya sindano na kukificha ndani ya kopo lake, kisha akaitia kadi katika mfuko wa Mama wa hospitali.

Siku kumi baadaye, saa mbili asubuhi, uchungu ulianza. Baba alibeba mfuko, Shangazi akamshika Mama mkono, na Kifungo akafuata nyuma na kopo lake.

Mkunga aliifungua kadi. "Sioni maagizo maalumu. Tusubiri tu."

Mama alikuwa amefumba macho kwa maumivu. Aliamini kwamba kadi imekwisha kumsemea.

"Si niliwaambia?" Shangazi alinong'ona. "Iko wapi hiyo dawa yao?"

Mkunga alipitisha kidole pembeni mwa kadi, akakunja uso. "Hapa karatasi imechunika. Nani amebandua kitu?"

"Usinitazame mimi!" Shangazi aliruka.

Kopo lilimponyoka Kifungo. Vifungo vilitawanyika sakafuni, na katikati yake kikaonekana kibandiko.

"Ni mimi," alisema huku akilia. "Niliogopa watu watadhani Mama ana kasoro."

Mkunga hakumgombeza. Kwanza alimtundikia Mama dripu ya dawa, kisha akageuka.

"Bakteria hawa hukaa mwilini mwa wanawake wengi wenye afya bila kuwadhuru. Si uchafu, wala si aibu. Lakini mtoto anaweza kuwapata wakati wa kuzaliwa, wakaingia katika damu au mapafu yake, naye bado hana nguvu za kupambana nao. Anaweza kufa."

"Mbona hamkumpa dawa siku ile ile?" Shangazi aliuliza, bado ana shaka.

"Tukiitoa mapema, bakteria wanaweza kurudi kabla mtoto hajazaliwa. Hutolewa uchungu unapoanza, ipate saa kadhaa za kufanya kazi."

"Mngetueleza hivyo tangu mwanzo, dada yangu."

"Kweli. Hapo tulikosea sisi."

Mtoto wa kiume alizaliwa alasiri, akipiga kelele kama cherehani isiyotiwa mafuta. Mkunga alimchunguza kwa siku mbili, pumzi yake na joto lake, ndipo akamruhusu kwenda nyumbani.

Siku hiyo Baba aliwakusanya wote katika chumba cha ushonaji. Alikitoa kikapu pembeni, akakiweka juu ya meza yake.

"Kifungo alikosea kubandua, lakini aliposema kweli alimwokoa mdogo wake. Nasi wakubwa tulikosea kushuku bila kuuliza. Basi nimeamua. Kuanzia leo, nguo yenye uzi mwekundu haitatupwa. Ndiyo itakayoshughulikiwa kwanza. Na mtu asiyeelewa alama, iwe ya nguo au ya kadi, asiiguse mpaka amwulize aliyeiweka."