Mwaka Alioandikiwa Aqmat

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, Abu Fawaz, mlinzi wa ghala la sanamu la Tadmor, mji wa kale wa jangwani, alimpangusa vumbi Aqmat, mwanamke wa jiwe aliyetolewa makaburini, akagundua kuwa si yeye. Akawapigia polisi mwenyewe. Kufika saa tatu alishatiwa pingu, kwa sababu Daktari Wajdi, mkuu wa ghala, alisema ufunguo anao mlinzi, basi mwizi ni mlinzi.

Daktari, eti! Cheo alipewa na mjomba wake, na cheo kikampa kitambi. Alimkalisha Inspekta Sattam nusu saa akimhubiria historia ya mji: misafara, mahekalu, malkia aliyewatoa Warumi jasho. Sattam, mzaliwa wa palepale, alisikiliza huku akiimezea mate chai ambayo mwenyeji wake alikuwa akinywa peke yake.

Kwanza alimshuku dereva wa ghala, mtu wa safari za Beirut. Kumbe dereva alikuwa amelazwa Homs wiki nzima. Akabaki mlinzi, na mzee huyo alikuwa anaikodolea macho miaka kumi na mitano jela.

"Ami, ulijuaje kuwa ni bandia?"

"Mwaka, mwanangu. Hapa chini wamechonga mia mbili. Nimeyapangusa mawe haya miaka arobaini. Wazee wetu walihesabu miaka tangu mfalme mmoja Mgiriki alipoitwaa Babeli. Mtu wa enzi za Aqmat huandikiwa mia tano na kitu."

Sattam akaitaka rejista. Ilikuwa ndani ya droo ya Daktari, pamoja na ufunguo wa pili wa ghala, ambao bwana mkubwa hakuutaja. Picha ya Aqmat iliyobandikwa humo ilikuwa imekatwa chini, mstari wa mwaka haukuonekana. Pembeni, Mfaransa aliyemfukua alikuwa ameandika: mwaka 200 baada ya Kristo.

Saa nane mchana akawasimamisha wote wawili mbele ya jiwe.

"Daktari, Aqmat alikufa lini?"

"Mia mbili. Si imeandikwa hapo? Hata mtoto anaona."

"Hesabu ya Tadmor ilianza miaka mia tatu na kitu kabla ya Nabii Isa, kwa hiyo mia mbili yake ni miaka mia na zaidi kabla hajazaliwa. Kaburi lake lilikuwa halijachimbwa. Mchongaji wako aliiga picha hii isiyo na mwaka, nawe ukampa mwaka wa kwenye rejista, ukadhani watu wa kale walitumia kalenda yako."

Daktari aliropoka yote. Alimuuza Aqmat kwa dalali wa Beirut ili apate nyumba Damasko, aachane na jangwa na hawa aliowaita wachunga ngamia. Pingu zilipomkaa mikononi, akamgeukia mlinzi kwa hasira.

"Miaka yote ulijua hesabu hiyo, usiniambie?"

"Ningekuambia saa ngapi, Daktari?" alisema Abu Fawaz. "Miaka sita nakutolea salamu, hujaitika hata moja."