Lumbalumba ya Feza na Maji ya Majivu

Nyuma ya nyumba yake, pale Kasongo, Feza alikuwa akitengeneza chumvi. Alichoma magugu makavu ya bwawani, akajaza majivu katika chungu chenye matundu, akamimina maji juu. Maji yaliyodondoka chini aliyachemsha mpaka ikabaki chumvi ya kijivu. Kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilishinda ile ya dukani.

Mwaka huu alikuwa na kazi nyingine pia. Chama cha akina mama kilimkabidhi kitalu cha lumbalumba, majani yanayonukia ambayo watu huyanywa kama chai. Miche hiyo ilikuzwa maabarani, ndani ya chupa, ikaletwa Kasongo ikiwa laini kama kifaranga. Wanawake wote wa chama wangechukua vipandikizi kwake. Ikifa, hapakuwa na mingine.

Feza aliitunza kwa moyo wote. Tangu utoto aliambiwa kwamba majivu hunenepesha shamba. Basi maji ya majivu yaliyobaki chini ya chungu bila kuchemshwa hakuyatupa. Aliimwagia miche.

Mumewe Iliasi alimcheka, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mama Aicha, ongeza mafuta na pilipili, tule kabisa."

Majani yakawa madogo. Kingo zake zikaungua. Lakini harufu! Ilimpokea mtu tangu njiani. Feza alifurahi, akakausha majani kidogo, akamfungia mama yake aliyekaa Nyangwe. Kisha akamwita Léontine, agronomu wa chama, mtaalamu wa kilimo, aje aone.

Léontine alishuka kwenye pikipiki, na Feza akamwekea jani puani.

"Nusa, dada. Iko na nguvu kushinda zote."

Léontine hakutabasamu. Aliinama, akakwangua utando mweupe uliokuwa juu ya udongo, akauonja, akatema.

"Unaimwagia nini?"

"Maji ya majivu."

"Mama Aicha, hii miche inakufa."

Feza alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Inakufaje, na udongo umelowa? Léontine aliomba bakuli mbili. Moja akaitia maji ya mvua, nyingine maji ya majivu. Katika kila moja akaweka jani bichi la lengalenga, yaani mchicha. Wakakaa, wakazungumza habari za nyumbani. Walipoyainua, jani la kwanza lilikuwa limesimama. La pili lilining'inia kama kitambaa kilicholowa.

"Chumvi imelinyonya maji," alisema Léontine. "Na udongoni iko hivyo hivyo. Chumvi ikizidi, inayashika maji, mzizi unashindwa kuyavuta. Mmea unasimama ndani ya tope na kiu inauua. Majivu makavu, kidogo tu, si mabaya. Lakini maji haya yamekusanya chumvi yote ya chungu."

"Na harufu?" Sauti ya Feza ilikuwa ndogo.

"Kila mmea hutengeneza kemikali ndani ya majani yake. Nyingine ndizo hizo zinazonukia. Mmea ukiteswa na chumvi, unazibadilisha ili ujikinge. Nyingine zinaongezeka, nyingine zinapungua. Maabarani watu wanaitia miche ya chupa chumvi makusudi, wapate kupima ni zipi. Wewe umepima?"

Feza aliketi chini, palepale kwenye udongo. Siku zote hizo alikuwa akifurahia mateso ya miche yake. Kisha akakumbuka kifurushi cha Nyangwe, cha majani ambayo hakuna aliyeyapima. Aliinuka mbio, akakitoa kikapuni, akakitupa shimoni.

Siku hiyo hiyo Iliasi alichimba mfereji, maji yapate pa kutokea. Waliumwagilia udongo maji mengi ya mvua, yapite na kuondoa chumvi. Miche iliyokuwa bado na uhai waliihamishia kwenye udongo mpya. Mingine ilikufa, na Feza aliing'oa mwenyewe. Tangu hapo maji ya majivu yaliishia jikoni.

Mvua ziliponyesha vizuri, majani mapya yakatoka, mapana na ya kijani. Akina mama wakaja kuchukua vipandikizi. Mama Mounira alisugua jani, akanusa, akakunja uso.

"Feza, mbona harufu imepungua? Zamani tulikuwa tunaisikia toka barabarani."

"Zamani ilikuwa inalia," Feza alisema, akamkatia kipandikizi kirefu kuliko vyote.