Nilikataa Linux Mpya, Nikamzushia Fundi Wizi

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wawili, naishi hapa Kilosa. Najua wengine mtanicheka, maana mkasa wangu ulianzia kwenye kompyuta. Chekeni tu, mimi nilishalia vya kutosha.

Nilizaliwa Mamboya, kule milimani, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini nilipokuja mjini kuomba kazi kwenye steshenari ya Mama Perpetua, nilidai nimemaliza kidato cha nne. Mama Perpetua alikuwa muuguzi wa serikali. Wakati ule watu walipopunguzwa kazi naye akapunguzwa, akafungua biashara yake. Alitaka mtu wa kidato cha nne, nami nilikuwa na mtoto mgongoni na mume aliyenikimbia. Ningefanya nini?

Kuchapa Kiswahili nilijua. Tatizo Kiingereza... sikuweza kusoma hata mstari mmoja! Na kompyuta yenyewe ilikuwa ya Linux, ule mfumo unaoiendesha, na kila kitu kimeandikwa Kiingereza. Binti aliyenitangulia alinifundisha wiki mbili kabla hajaenda kuolewa, nami nikakariri kwa macho. Picha ya tatu kutoka kushoto, bofya mara mbili. Ya kuprinti iko juu, karibu na picha ya mkasi. Likitokea swali, bofya kitufe cha kulia. Barua za Kiingereza nilinakili herufi moja moja kutoka kwenye karatasi ya mteja. Nilienda hivyo miaka sita! Wateja waliniita Madamu, na mimi niliitika.

Fundi wetu alikuwa kijana wa Mikumi, Gody. Kila baada ya miezi kadhaa alikuja kutusafishia mashine. Siku moja alikuja amechangamka, akasema Linux ina sura mpya na ile yetu ya zamani itaachwa, haitapata tena marekebisho. Akafungua laptopu yake, akatuonyesha.

Moyo ulinipasuka! Picha zangu zote hazikuwepo. Ya tatu kutoka kushoto haipo, mkasi haupo... kioo kitupu!

Mama Perpetua akanigeukia. "Mimi mambo haya siyajui, mwanangu. Anayeishika kila siku ni wewe. Ukisema tuweke, tutaweka."

Mnaona nilivyobanwa? Nikikubali, nitaumbuka asubuhi ya kwanza. Nikikataa, nitatoa sababu gani? Niliomba wiki moja ya kufikiri. Mara mbili nilifungua mdomo nimweleze Mama ukweli. Mara zote mbili nikajikuta naulizia rimu za karatasi.

Gody akarudi kabla wiki haijaisha. "Shikamoo dada. Hebu kaa hapa kidogo, kuna kitu nataka nikuonyeshe wewe mwenyewe. Utafurahi."

Nikamkatiza. Nikamwambia nina kazi nyingi. Nilidhani amenigundua, anataka kunipima mbele ya watu!

Siku hiyohiyo nikamwambia Mama kwamba Gody si mtu mwema. Kwamba nimemwona kwa macho yangu akinakili barua za wateja kwenye flashi yake, na hiyo sura mpya ni njia tu ya kuiba siri zao. Uongo mtupu! Sijui hata niliutoa wapi. Mama, aliyetunza siri za wagonjwa maisha yake yote, hakutaka kusikia zaidi. Alimfukuza mbele ya wateja.

Gody alisimama mlangoni na begi lake. Hakumwangalia Mama, aliniangalia mimi. "Dada... mimi?"

Nikainamia kibodi, nikaendelea kuchapa.

Maneno yakasambaa mjini. Ofisi zote zilizokuwa zikimwita zikaacha, naye akarudi kwao Mikumi. Mimi nikabaki na picha zangu. Nilidhani nimepona!

Haukupita mwaka, nikaenda Mamboya kumzika bibi yangu. Huku nyuma kompyuta ikagoma kuwaka. Mama akaleta fundi mwingine, naye akaweka ile sura mpya bila kuuliza mtu. Jumatatu nikarudi, nikawasha... Mungu wangu!

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mfugaji wa Kisukuma kutoka Masanze. Alitaka barua ya malalamiko ya shamba lake, inayotakiwa wilayani kabla ya saa sita. Nikabofya huku, nikabofya kule. Kila maneno yalipotokea niliyafunga. "Madamu, bado?" mzee aliuliza kwa upole. Nikasema bado kidogo. Saa sita ikapita, mzee akaondoka mikono mitupu.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa pameandikwaje?"

Nikahamisha kipanya pembeni.

"Nisomee tu, mwanangu."

Nikaangua kilio. Nilimweleza yote palepale, na la Gody pia. Mama hakufoka. Alisema la Kiingereza angenisamehe, lakini alimdhalilisha mtoto wa watu kwa sababu ya mdomo wangu, na hawezi tena kukaa nami chumba kimoja. Nikachukua kanga yangu, nikaondoka.

Ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri wa kwenda Mikumi. Nilimkuta Gody kando ya barabara kuu, anatengeneza simu kwenye kimeza. Akanipa shikamoo kama zamani. Heri angenitukana! Nikamweleza kila kitu, nikamwomba radhi. Akaiweka bisibisi kwenye kimeza.

"Dada, mimi nilijua husomi Kiingereza. Nilikuwa nakuona unavyozihesabu zile picha kwa kidole. Sikumwambia mtu. Ile mpya ina Kiswahili... unachagua mwanzoni tu, kila kitu kinakuja kwa Kiswahili. Hicho ndicho nilitaka kukuonyesha."

Nililia pale barabarani bila kujali wapita njia. Gody alisema amenisamehe, lakini Kilosa hajarudi hadi leo, na sijui nani angempokea. Nilimchafua mtu pekee aliyeijua aibu yangu na kunifichia!

Ndugu zangu, kama kuna jambo hulijui, nakusihi sema hulijui, hata kama sauti inatetemeka. Utaona haya siku moja tu. Mimi naona haya kila nikiamka.